Bodi yetu inatumia keneli ya muuzaji: tuhame au tubaki nayo?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nipo Mwanza, kwenye kampuni ndogo inayotengeneza visanduku vya kufuatilia joto la vyumba baridi vya samaki. Bodi tunaagiza nje, na muuzaji alitupa keneli yake ya Linux (programu ya kiini inayoendesha bodi), toleo 4.19.111, kwenye faili moja la zip. Juu yake mimi na mwenzangu tumeongeza viraka vyetu (mabadiliko madogo ya msimbo), sasa vimefika kama thelathini. Mteja mmoja anataka tumwonyeshe kwa maandishi kwamba visanduku vinapata marekebisho ya usalama. Bosi anasema tupakue tu Linux mpya tuiweke. Nimejaribu, bodi haiwaki kabisa. Kwani Linux si moja? Na hivi viraka vyetu tuwapelekee akina Linus, au tukae navyo?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hoja ya bosi, maana hiyo ndiyo itakayokusumbua kila Jumatatu.

Linux si moja. Upo mti mkuu (mti ni msimbo wote wa keneli kwa pamoja), ule anaoutunza Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, halafu ipo miti mingine mingi ya watu na makampuni, kila mmoja ulinakiliwa kutoka mti mkuu siku fulani na kuongezewa mambo yake. Red Hat wana wao, Ubuntu wana wao, Google wana wao kwa ajili ya Android, Raspberry Pi wana wao, na muuzaji wako wa bodi naye ana wake. Bodi yako haiwaki kwenye Linux mpya kwa sababu habari zake (pini ipi inapeleka umeme kwenye kadi ya kumbukumbu, saa za chipu zinawashwa kwa mpangilio gani, mlango wa serial uko anwani ipi) zimo kwenye mti wa muuzaji tu. Hazikupelekwa juu, yaani kwenye mti mkuu. Au zilipelekwa, ila na watu wengine, kwa namna nyingine, na muuzaji hana habari. Hili la pili hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na ndilo la kwanza nitakalokutuma ukaangalie.

Jibu fupi ni hili: msikae na 4.19.111 zaidi ya inavyobidi, msirukie toleo jipya kwa pupa, na katika hivyo viraka thelathini vinavyostahili kupanda juu ni vichache. Vingine ni vya kufuta. Sasa sababu zake.

Mti mkuu hutoa toleo jipya kila baada ya wiki 9 au 10. Wiki mbili za mwanzo Linus anapokea kazi mpya kutoka kwa watunzaji wa sehemu mbalimbali: huyu wa mtandao, yule wa mifumo ya faili, yule wa I2C (njia ya waya inayounganisha chipu na vipima). Baada ya hapo mlango unafungwa, inatoka rc1, toleo la kwanza la majaribio, na mpaka rc7 au rc8 ni kusahihisha tu. Toleo likishatoka, linakabidhiwa kwa Greg Kroah-Hartman na Sasha Levin, wanaotunza matoleo ya marekebisho, yale yenye namba ya tatu mwishoni. Kanuni yao ya kwanza ni kwamba kiraka hakiingii kwao mpaka kiwe kimeshaingia kwa Linus. Fungua kiraka chochote cha mti huo, utakuta karibu kila kimoja kinaanza kwa kutaja namba ya badiliko lake kwenye mti mkuu. Mambo hurekebishwa juu kwanza, ndipo yateremke.

Matoleo machache huteuliwa kutunzwa muda mrefu. La kwenu, 4.19, ni mojawapo: lilitoka Oktoba 2018, likatunzwa mpaka Desemba 2024, likaishia kwenye 4.19.325. Nyinyi mko kwenye 111, ya Machi 2020. Katikati hapo kuna matoleo 214 ya marekebisho ambayo muuzaji hakuyagusa. Alichukua nakala yake, akahakikisha bodi inawaka, akauza, akaenda kwenye chipu inayofuata. Simlaumu sana, biashara yake ni chipu. Lakini mteja wako akiuliza habari za usalama, jibu la kweli kwa leo ni kwamba visanduku vyenu vimesimama Machi 2020.

Madhara ya kusimama hivyo yanaonekana vizuri kwenye kisa cha Binder. Binder ni sehemu ya keneli ambayo programu za Android hupitishiana ujumbe kwayo. Google wana roboti iitwayo syzbot, kazi yake ni kuichokoza keneli kwa maombi ya ovyo usiku na mchana mpaka kitu kianguke. Novemba 2017 roboti hiyo ikagundua kwamba Binder inaweza kugusa kumbukumbu ambayo imeshaachiliwa. Kiraka kikaandikwa. Mapema 2018 kikateremshwa kwenye 4.14, na pia kwenye miti ya pamoja ya Android ya 3.18, 4.4 na 4.9. Hakikupewa namba ya CVE (namba rasmi ya kutambulisha tundu la usalama), na hakuna aliyepiga kelele kwamba ni suala la usalama. Kwa mtu wa juu, kazi ilikuwa imekwisha.

Septemba 2019, Maddie Stone na wenzake wa Project Zero, kikosi cha usalama cha Google, wakapata habari kwamba kuna watu wanaitumia kasoro hiyohiyo kuvamia simu. Wakajaribu Pixel 2 yenye masasisho yote ya wakati huo, na kweli ikavamika. Orodha ikaendelea: Samsung S8 na S9, Huawei P20, Xiaomi Redmi 5A, Oppo A3, simu ambazo hata huku kwetu zilikuwa mifukoni mwa watu. Ndipo ikapewa namba CVE-2019-2215 na kuzibwa Oktoba. Zaidi ya mwaka mmoja na nusu dawa ilikuwa ipo, imeandikwa, imejaribiwa, iko hadharani kwa kila mtu, mshambuliaji akiwemo. Angalia tena wahusika: roboti ya Google, mti wa Android wa Google, simu ya Google. Kampuni moja, na bado kiraka kilikwama njiani kati ya mti mmoja na mwingine. Wewe na mwenzako mko wawili.

Utaniambia: basi nitakuwa nachagua viraka vya usalama tu, kimoja kimoja, naviingiza kwenye 4.19.111. Kila mhandisi anaanza na wazo hilo. Lina matatizo mawili.

La kwanza ni hesabu. Tangu Februari 2024 watu wa keneli wenyewe ndio wanaotoa namba za CVE za Linux, na msimamo wao ni kwamba karibu kasoro yoyote ndani ya keneli inaweza kugeuka kuwa tundu la usalama mahali fulani. Kwa hiyo namba hizo hutoka kwa maelfu kwa mwaka. Nyingi zinahusu vifaa ambavyo hamna, lakini lazima mtu azisome ili ajue hivyo.

La pili ni baya zaidi, nalo linahitaji mfano. Mwishoni mwa 2023 kulikuwa na kiraka cha ext4 (mfumo wa faili wa Linux) kilichorekebisha jinsi ukubwa wa faili unavyohifadhiwa katika uandishi wa moja kwa moja kwenye diski. Kwenye mti mkuu kilikuwa kizuri kabisa. Kikateremshwa kwenye 6.1.64. Tatizo ni kwamba kiraka hicho kilitegemea badiliko jingine, lililofanywa mapema kwenye msimbo wa iomap, kuhusu ni wakati gani nafasi ya kuandikia ndani ya faili inasogezwa mbele. Badiliko hilo lilikuwepo kwenye 6.5 na kuendelea, kwenye 6.1 halikuwepo. Kiraka kiliingia bila mgongano wowote, keneli ikajengwa bila onyo, na data za watu zikaanza kuharibika. Debian, wasambazaji wa Linux, walikuwa wanatoa toleo lao la 12.3 siku hizohizo. Wakaisimamisha, na tarehe 10 Desemba 2023 wakatoa 12.4 ikiwa na 6.1.66.

Waliofanya hivyo ndio watu wanaoteremsha viraka kila siku ya Mungu, wenye mitambo ya kujaribia. Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, haikujui wala haijui maana ya msimbo, inalinganisha mistari. Kiraka kikikubali kuingia, maana yake mistari ya jirani inafanana, basi. Kwa hiyo ninyi msichague viraka kimoja kimoja. Chukueni toleo zima la marekebisho, na mjaribu toleo zima, kwa sababu angalau hapo mnajaribu kitu ambacho maelfu ya watu wengine wanakijaribu pia. Hitilafu ya 6.1.64 iligunduliwa na kuzibwa haraka kwa sababu wengi walikuwa nayo. Mkijichanganyia wenyewe, mchanganyiko huo duniani mnao ninyi tu.

Kuna swali hukuliuliza ila liko nyuma ya yote: kwa nini draiva ya muuzaji (programu inayoendesha kifaa) isichukuliwe tu ilivyo na kupachikwa kwenye Linux mpya? Kwa sababu ndani ya keneli hakuna ahadi. Programu zinazokaa nje ya keneli zina ahadi kubwa kuliko zote: Linus hakubali badiliko linalovunja programu iliyokuwa ikifanya kazi, na kwa ajili hiyo programu yenu ya kusoma joto itaendelea kuwaka mkihama. Ndani ni kinyume kabisa. Greg aliandika waraka mzima, umo kwenye folda ya Documentation ya keneli yenyewe, kueleza kwa nini violesura vya ndani (namna sehemu za keneli zinavyoitana) havitagandishwa kamwe.

Naamini kipima joto chenu kiko kwenye I2C, basi tuchukue hapo. Kwenye 4.19 yako draiva inaanza hivi:

static int kipimo_probe(struct i2c_client *client, const struct i2c_device_id *id)

Kwenye 6.3 na kuendelea inatakiwa iwe hivi:

static int kipimo_probe(struct i2c_client *client)

Na ile ya kuondoa kifaa, ambayo kwenu inarudisha int, tangu 6.1 hairudishi kitu. Aliyeisukuma kazi hiyo kwa kiasi kikubwa ni Uwe Kleine-König, mhandisi wa Ujerumani, na mamia ya draiva zilizomo kwenye mti mkuu zikabadilishwa bila wenye draiva kuinua kidole. Hapo ndipo penye faida ya kuwa juu. Aliyebadilisha kiolesura ana wajibu wa kutengeneza kila kinachokitumia ndani ya mti. Draiva iliyo nje ya mti haioni, wala hana habari nayo, na hatakuomba radhi. Zidisha hilo kwa saa, umeme, mtandao, picha, na miaka mitano, utaelewa kwa nini muuzaji wako hana hamu ya kuhama kutoka 4.19.

Wenye nguvu wanaishije chini, yaani nje ya mti mkuu, basi? Njia ni zaidi ya moja, na zote zina gharama.

Red Hat wanagandisha namba na kuteremsha kila kitu. RHEL 8, toleo la Linux wanayoiuza, inajiita 4.18, lakini usidhani ni ile 4.18 ya Agosti 2018; imejazwa kazi nyingi kutoka matoleo ya baadaye, huku orodha fulani ya violesura ikilindwa ili draiva za wateja zisivunjike. Hiyo inawezekana ukiwa na jeshi la wahandisi, ambao wengi wao ndio haohao wanaotunza sehemu za mti mkuu. Usiige.

Android ndio kisa ninachokipenda, kwa sababu walianza vibaya hadharani. Draiva zao ziliingizwa kwenye sehemu ya majaribio ya keneli, kisha zikaondolewa kwenye 2.6.33, mapema 2010, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akizitunza. Ugomvi mkubwa ulikuwa kwenye wakelocks, utaratibu wao wa kuzuia simu isilale kazi ikiwa haijakwisha. Watu wa juu walisema muundo ule haufai; watu wa Android walisema simu zetu zinauzwa nao tayari, mnataka tufanyeje? Wote walikuwa na haki kidogo. Mwisho wake Rafael Wysocki, mtunzaji wa masuala ya umeme, akajenga utaratibu unaofanya kazi ileile kwa njia iliyokubalika, ukaingia kwenye 3.5 mwaka 2012. Binder nayo ikatoka kwenye majaribio na kupata makao ya kudumu kwenye 3.19 mwaka 2015. Kilichopanda juu, kwa upande wa wakelocks, hakikuwa kiraka cha Android. Lilikuwa tatizo la Android, na jibu likaandikwa upya na mwenye nyumba. Ukipeleka kiraka chako, jiandae kwa hilo: huenda wakachukua shida yako na kuacha msimbo wako. Huo ni ushindi.

Siku hizi kila badiliko kwenye mti wa Android lina lebo mwanzoni mwa kichwa chake. UPSTREAM: maana yake limechukuliwa kutoka mti mkuu bila kuguswa. BACKPORT: limetoka mti mkuu lakini ilibidi lirekebishwe ili likae. FROMGIT: liko kwa mtunzaji, linasubiri kufika kwa Linus. FROMLIST: limetumwa, bado linajadiliwa. ANDROID: ni lao wenyewe. Ubuntu wana desturi kama hiyo, viraka visivyotoka juu wanaviita SAUCE, na SUSE wanaandika ndani ya kila kiraka kimefikia wapi na mti mkuu. Kama kuna kitu kimoja cha kuiga kutoka kwa wakubwa, ni hizi lebo. Hazigharimu kitu, na siku ya kuhama ndizo zitakazokuambia kipi kitupwe.

Na usione aibu kama safari ni ndefu. Viraka vya PREEMPT_RT, vinavyoifanya Linux ijibu kwa wakati uliopangwa bila kuchelewa, viliishi nje ya mti mkuu kwa takriban miaka 20. Vilikamilika kuingia Septemba 2024, kwa ajili ya 6.12, Thomas Gleixner alimkabidhi Linus ombi la mwisho mkononi, limechapwa kwenye karatasi. Katika miaka hiyo hawakukaa wakisubiri siku moja kubwa. Walikuwa wanapandisha kipande kimoja kimoja chenye manufaa kwa kila mtu: saa za usahihi wa juu, ftrace, mpangilio mpya wa kufuli. Kila kipande kilichopanda kilikuwa ni mzigo mmoja mdogo wa kubeba chini.

Sasa tuje kwenye bodi yako.

Iwashe kwa keneli ya muuzaji, uandike:

tr '\0' '\n' < /proc/device-tree/compatible

Utapata mistari miwili au mitatu. Wa kwanza ni jina la bodi, wa mwisho kwa kawaida ni jina la chipu. Pakua mti mkuu wa leo, utafute jina hilo la chipu ndani ya arch/arm64/boot/dts, au arch/arm/boot/dts kama chipu yako ni ya biti 32. Likiwemo, nusu ya kazi imeshafanywa na watu usiowajua, na bodi yako inahitaji tu faili lake la maelezo (dts), pengine la mistari mia chache. Lisipokuwemo kabisa, kaa na bosi muongee kuhusu kubadilisha bodi, maana kuingiza chipu nzima kwenye mti mkuu si kazi ya watu wawili wenye wateja. Kununua bodi ambayo mti mkuu unaijua ni uamuzi wa kihandisi kabla haujawa wa manunuzi. Natamani wakubwa wa makampuni yetu wangelijua hili kabla ya kusaini oda.

Wakati huohuo, punguza hatari ya leo. Zip uliyopewa haina historia, kwa hiyo itengenezee. Chukua mti wa matoleo ya marekebisho wa kernel.org, fungua tawi kwenye v4.19.111, nakili mafaili ya muuzaji juu yake, uhifadhi kama badiliko moja. Kisha:

git diff --stat v4.19.111

Soma matokeo taratibu, ukiwa na chai. Mabadiliko kwenye drivers/ na kwenye dts ni ya kutarajiwa. Ukikuta wamegusa mm/, fs/, net/core au kernel/, simama hapo, soma mstari kwa mstari, kwa sababu hakuna chipu inayohitaji mfumo wa faili ubadilishwe ili iwake. Na usiiamini namba iliyoandikwa kwenye Makefile. Nimekutana na mti wa muuzaji mmoja ambao namba ilipandishwa ilhali marekebisho yenyewe yalikuwemo nusunusu. Linganisha na matoleo kadhaa ya jirani. Lile litakalotoa tofauti ndogo kuliko yote ndilo chimbuko la kweli.

Ukishakuwa na tawi lenye chimbuko sahihi, unaweza kufanya kile ambacho muuzaji hakukifanya: git merge v4.19.325. Kwa kuwa git sasa inajua mlipoachana, migongano itabaki kwenye mafaili ambayo muuzaji aliyagusa tu, si kwenye keneli nzima. Washa rerere kwanza ili usitatue mgongano uleule mara tatu. Jaribu kila kitu: mtandao, kadi, kipima joto, kuzima umeme ghafla katikati ya kuandika, maana huko kwenye vyumba vya samaki umeme utakatika.

Hayo yatawatoa Machi 2020 na kuwafikisha Desemba 2024. Zaidi ya hapo 4.19 haina mtunzaji wa kawaida. Upo mradi wa Civil Infrastructure Platform, chini ya Linux Foundation, unaoendelea kuitunza 4.19 mpaka Januari 2029 kwa ajili ya mitambo ya viwanda na miundombinu, lakini kipaumbele chao ni vifaa na mipangilio ya wanachama wao. Unaweza kuchota kwao. Usijenge nyumba juu yake kama bodi yako haimo.

Kuhusu viraka thelathini, sheria kwanza, kwa kuwa watu huichanganya. GPL, leseni ya Linux, inawataka mmpe anayenunua kisanduku msimbo wa keneli iliyomo ndani, pamoja na viraka vyenu, au ahadi ya maandishi kwamba mtampa. Haiwalazimishi kupeleka chochote kwa Linus. Muuzaji wako kwa kukupa ile zip amekwisha kutimiza wajibu, na ndiyo maana wengi huishia hapo.

Pitia kila kiraka na swali moja: hiki kinarekebisha nini, na je, mti mkuu wa leo bado una tatizo hilo? Vingi vitakufa hapo hapo, kwa sababu kilichowasumbua kwenye 4.19 kilishatatuliwa na mtu mwingine miaka mitatu iliyopita. Vifute, uandike namba ya badiliko la juu lililovifanya visihitajike. Vingine ni vya kienyeji: nembo ya kampuni wakati wa kuwaka, muda wa kusubiri mliouongeza kwa sababu waya wenu ni mrefu. Hivyo bakini navyo, kwa lebo ya kampuni yenu. Watabaki wachache wenye sifa: kosa la kweli kwenye draiva ya kipima joto ambalo bado lipo juu, na faili la maelezo ya bodi yenyewe. Hao ndio wasafiri.

Hapa ndipo wengi wanakwama, na hakuna anayewaambia mapema. Mtunzaji hapokei kiraka kilichoandikwa juu ya 4.19. Anataka kilichoandikwa na kujaribiwa juu ya mti wake wa leo. Wewe huwezi kukijaribu juu ya mti wa leo kwa sababu bodi haiwaki huko. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kupandisha viraka si kiraka chochote. Ni kuifanya bodi iwake kwenye mti mkuu, hata kama ni serial na kadi ya kumbukumbu tu, bila picha wala sauti. Kipima joto kinahitaji I2C, basi. Kisanduku chako hakina skrini, na hiyo ni bahati kubwa. Michoro ndiyo sehemu inayochelewesha bodi nyingi.

Ukifika hapo, mengine ni taratibu. Pitisha kiraka kwenye scripts/checkpatch.pl, uulize scripts/get_maintainer.pl kitumwe kwa nani, faili la maelezo ulipitishe kwenye make dtbs_check. Tuma kwa git send-email, maandishi matupu, kiraka kimoja kwa jambo moja, na mstari wa Signed-off-by wenye jina lako, unaothibitisha kwamba una haki ya kuutoa msimbo huo. Kama kinarekebisha kosa, weka mstari wa Fixes: unaotaja badiliko lililoleta kosa, maana mstari huo ndio watunzaji wa matoleo ya marekebisho wanaoutazama wanapoamua nini kiteremke na mpaka wapi. Utajibiwa kwa ufupi, pengine kwa ukali kidogo, na utaambiwa urudie. Rudia, uandike v2 kwenye kichwa na chini yake ueleze umebadilisha nini. Ukimya wa wiki mbili si kukataliwa. Kumbusha kwa adabu. Waafrika Mashariki tuna kasumba ya kuona aibu kukumbusha. Huko ni jambo la kawaida, fanya.

Kwa mteja, usimwandikie kwamba mnaziba kila CVE. Hakuna anayeweza kuitimiza ahadi hiyo. Mwandikie kwamba mko kwenye tawi la matoleo ya marekebisho namba fulani, kwamba mnapokea kila toleo lake zima ndani ya siku mtakazoweza kuzitimiza, kwamba mna orodha ya viraka vyenu na chanzo cha kila kimoja, na tarehe ambayo tawi hilo litaacha kutunzwa pamoja na mpango wenu wa kuhama kabla yake. Matawi ya muda mrefu siku hizi huanza kwa ahadi ya miaka miwili, na msitegemee kwamba litaongezewa mpaka sita kama ilivyokuwa kwa 4.19, hivyo kuhama kuwe kwenye bajeti ya kila mwaka, pamoja na kodi ya ofisi.

Anza na ile amri ya compatible leo, kabla hujamjibu bosi. Nitumie mistari itakayotoka na matokeo ya diff --stat. Nikiviona hivyo viwili nitaweza kukuambia kama hii ni kazi ya wiki chache au ni ya kununua bodi nyingine.